Fahamu Umuhimu wa Mazoezi ya Maandalizi kwa Mgonjwa Anayesubiri Upasuaji wa Valvu ya Moyo

Katika familia nyingi nchini, mtu anapoambiwa na daktari kwamba valvu ya moyo wake imeharibika na atahitaji upasuaji, jambo la kwanza ambalo ndugu hufanya ni kumwondolea kazi zote. Hachoti maji, hafagii uwanja, hatumwi dukani. Huletewa chakula kitandani na kuambiwa apumzike hadi siku ya upasuaji itakapofika. Ndugu hufanya hivyo kwa upendo, na kwa baadhi ya wagonjwa kupumzika ndiko hasa kunakotakiwa. Kwa wengine wengi, hata hivyo, wiki za kulala bila kujishughulisha huwafikisha kwenye meza ya upasuaji wakiwa dhaifu kuliko walivyokuwa siku walipopewa rufaa.

Kutokana na hali hiyo, wataalamu wa afya katika nchi mbalimbali wamekuwa wakitilia mkazo mazoezi ya maandalizi, yaani mpango maalumu wa mazoezi ya mwili na ya pumzi ambao mgonjwa huufuata katika kipindi cha kusubiri upasuaji, chini ya uangalizi wa daktari na mtaalamu wa fiziotherapia. Lengo la mpango huo ni kumpeleka mgonjwa katika upasuaji akiwa na nguvu ya misuli, uwezo wa mapafu na utulivu wa moyo wa kutosha kustahimili siku ngumu zinazofuata. Kuiponya valvu si sehemu ya lengo hilo, kwa kuwa valvu iliyoharibika haitengenezwi na mazoezi.

Makala haya yanaeleza mazoezi hayo ni yapi, yanafanya kazi vipi, nani anaruhusiwa kuyafanya na nani hapaswi kuyagusa, pamoja na nafasi ya familia katika kipindi hicho.

Valvu za moyo na sababu za kuharibika kwake

Moyo wa binadamu una valvu nne, ambazo wananchi wengi huzifahamu kwa jina la milango ya moyo. Kazi yake ni kuhakikisha damu inakwenda upande mmoja tu. Mtu mzima anapokuwa ametulia, moyo wake husukuma takribani lita 5 za damu kila dakika, na hupiga mapigo yapatayo 100,000 kwa siku. Katika kila pigo, valvu hizo hufunguka na kufunga.

Valvu huharibika kwa namna kuu mbili. Namna ya kwanza ni kusinyaa, ambapo mlango haufunguki vizuri na damu hupita kwa shida. Namna ya pili ni kuvuja, ambapo mlango haufungi sawasawa na sehemu ya damu hurudi ilikotoka. Wapo pia wagonjwa ambao valvu moja imesinyaa na wakati huohuo inavuja.

Katika nchi zenye wazee wengi, sababu kubwa ni uzee unaoifanya valvu ya aota kujaa chokaa na kukakamaa. Katika nchi za Afrika, Tanzania ikiwemo, wagonjwa wengi ni vijana, na chanzo chao ni homa ya baridi yabisi. Ugonjwa huo huanza na maambukizi ya koo yanayosababishwa na bakteria aina ya streptokokasi, hususan kwa watoto wenye umri wa kati ya miaka 5 na 15. Maambukizi hayo yasipotibiwa ipasavyo, kinga ya mwili wa baadhi ya watoto hugeuka na kushambulia viungo na moyo wao wenyewe. Mashambulizi yakijirudia, valvu hupata makovu, na inayoathirika zaidi ni valvu ya mitrali, iliyo kati ya chemba mbili za upande wa kushoto wa moyo.

Mwezi Mei 2018, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama kuongeza juhudi za kuzuia na kudhibiti ugonjwa huo. Mamilioni ya watu duniani wanaishi nao, wengi wao wakiwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Wanawake vijana huathirika kwa kiwango kikubwa, na wengi hugundulika wakati wa ujauzito, kipindi ambacho kiasi cha damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu na moyo wenye valvu iliyosinyaa hushindwa kumudu ongezeko hilo.

Upasuaji wenyewe

Kubadilisha valvu ya moyo kwa kuweka ya bandia ni tiba yenye historia ya zaidi ya miaka 60. Mwaka 1960, daktari Albert Starr wa Marekani alipandikiza kwa mafanikio valvu ya mitrali aliyoibuni pamoja na mhandisi Lowell Edwards. Mwaka 2002, daktari Alain Cribier wa Ufaransa aliweka valvu ya aota kwa kupitia mshipa wa damu bila kufungua kifua, njia ambayo sasa hutumika zaidi kwa wazee.

Hapa nchini, upasuaji wa kufungua kifua ulianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2008. Mwaka 2015 huduma hizo ziliwekwa chini ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyopo eneo la Muhimbili jijini Dar es Salaam. Kabla ya hapo, wagonjwa wengi waliohitaji upasuaji wa aina hiyo walilazimika kupelekwa nje ya nchi, hususan India.

Katika upasuaji wa kawaida wa valvu, mfupa wa kati wa kifua hupasuliwa, moyo husimamishwa kwa muda, na mashine maalumu hufanya kazi ya moyo na mapafu wakati daktari akitengeneza au kubadilisha valvu. Kazi hiyo ikikamilika, mfupa hufungwa kwa nyaya na mgonjwa hupelekwa chumba cha uangalizi maalumu akiwa bado anasaidiwa kupumua na mashine.

Siku zinazofuata ndizo zinazoupima mwili. Kifua kina maumivu, hivyo mgonjwa huvuta pumzi fupi fupi na kuogopa kukohoa. Makohozi hubaki chini ya mapafu na sehemu za mapafu hujikunja, hali inayofungua njia kwa nimonia. Misuli ya miguu hupungua nguvu. Mgonjwa hatakiwi kuegemea mikono ili kuinuka, kwa kuwa mfupa wa kifua haujaunga. Mwenye akiba ya nguvu huvuka kipindi hicho kwa haraka, na aliyefika akiwa hana akiba hukaa hospitalini muda mrefu na hupata matatizo mengi zaidi.

Kwa nini kulala kitandani kuna gharama

Misuli isiyotumika hupungua kwa kasi ambayo wengi hawaitarajii. Katika utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2007, wazee 12 wenye afya njema waliombwa kukaa kitandani kwa siku 10 mfululizo. Katika muda huo mfupi, walipoteza kwa wastani karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Watu hao hawakuwa wagonjwa. Mgonjwa wa moyo, ambaye mara nyingi hula kidogo na damu yake haisambai vizuri, hupoteza zaidi.

Upungufu huo unaweza kupimwa kwa njia rahisi. Utafiti uliofanyika katika hospitali nne za Canada na Marekani na kuchapishwa mwaka 2010 uliwahusisha wagonjwa wenye umri wa miaka 70 na kuendelea waliokuwa wakisubiri upasuaji wa moyo. Kila mmoja alitembea umbali wa mita 5 kwa mwendo wake wa kawaida. Waliotumia sekunde 6 au zaidi walikuwa na uwezekano wa takribani mara tatu wa kufariki au kupata matatizo makubwa baada ya upasuaji, wakilinganishwa na waliotembea kwa kasi zaidi. Kipimo hicho hakihitaji mashine. Kinahitaji sakafu iliyo tambarare, futi ya kupimia na saa.

Tafiti zinasemaje

Ushahidi mwingi kuhusu mazoezi ya maandalizi umetokana na wagonjwa waliokuwa wakisubiri upasuaji wa kurekebisha mishipa ya damu ya moyo iliyoziba. Upasuaji huo nao hufanyika kwa kufungua kifua, na hivyo matatizo ya mapafu na misuli yanayofuata yanafanana na ya wagonjwa wa valvu.

Utafiti uliofanyika Canada na kuchapishwa mwaka 2000 uliwahusisha wagonjwa karibu 250 waliokuwa na muda mrefu wa kusubiri. Kundi moja lilipewa mazoezi mara mbili kwa wiki chini ya usimamizi, elimu kuhusu ugonjwa na upasuaji, pamoja na simu za kila mwezi kutoka kwa muuguzi. Kundi la pili lilipata huduma za kawaida. Walioandaliwa walikaa hospitalini pungufu kwa siku moja, na muda wao katika chumba cha uangalizi maalumu ulikuwa mfupi zaidi.

Utafiti mwingine ulifanyika Utrecht nchini Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2006. Wagonjwa 279 waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata matatizo ya mapafu waligawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilifanya mazoezi ya misuli ya kuvutia pumzi kwa dakika 20 kila siku, kwa muda usiopungua wiki mbili, likitumia kifaa kidogo kinachoweka ukinzani mgonjwa anapovuta hewa. Baada ya upasuaji, asilimia 18 ya kundi hilo walipata matatizo ya mapafu, ikilinganishwa na asilimia 35 ya wenzao. Waliopata nimonia walikuwa asilimia 6.5 kwa asilimia 16.1.

Kwa wagonjwa wa valvu, tafiti zilizopo ni chache na zenye washiriki wachache zaidi. Hii ndiyo sababu mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2019 kuhusu huduma za kuharakisha nafuu baada ya upasuaji wa moyo ulipendekeza maandalizi hayo kama jambo linalofaa kuzingatiwa, hususan kwa wagonjwa waliodhoofika au wenye magonjwa mengine, na haukuyafanya kuwa sharti kwa kila mgonjwa.

Nani anaruhusiwa na nani hapaswi kufanya

Hili ndilo jambo ambalo mwananchi anapaswa kulifahamu kuliko mengine yote. Valvu zilizoharibika hazifanani, na zoezi linalomjenga mgonjwa mmoja linaweza kumdhuru mwingine.

Kwa mgonjwa ambaye valvu yake ya aota imesinyaa sana, damu inayotoka kwenye moyo haiwezi kuongezeka mwili unapoihitaji. Anapotembea haraka au kupanda ngazi, mishipa ya misuli hutanuka lakini moyo hauwezi kuijaza, na shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla. Mgonjwa anayepata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzimia kutokana na hali hiyo anatakiwa kufanyiwa upasuaji mapema, na hapaswi kufanya mazoezi ya kuongeza kasi ya moyo.

Kwa mwenye valvu ya mitrali iliyosinyaa, tatizo ni muda. Damu inahitaji muda wa kupita kwenye mlango mwembamba kabla ya pigo linalofuata. Mapigo yanapoongezeka kasi, muda huo hufupika, damu hurundikana nyuma kwenye mapafu na mgonjwa hushindwa kupumua. Hivyo basi, kwa mgonjwa wa namna hii aliyeruhusiwa na daktari wake, mazoezi huwa ya taratibu na yenye mapumziko mengi, na dawa za kupunguza mapigo hupangwa kwanza. Mgonjwa ambaye valvu yake inavuja, na ambaye moyo wake bado una nguvu, mara nyingi humudu mazoezi mepesi kwa urahisi zaidi.

Mazoezi husitishwa kabisa kwa mgonjwa mwenye miguu au tumbo lililovimba kutokana na moyo kushindwa kufanya kazi, anayeshindwa kupumua akiwa amelala, mwenye mapigo ya moyo yasiyodhibitiwa, mwenye homa, mwenye maambukizi katika valvu, au mwenye mashambulizi ya homa ya baridi yabisi yanayoendelea. Mgonjwa wa aina hiyo hutibiwa kwanza hadi atulie. Baadaye daktari anaweza kuruhusu aanze na mazoezi mepesi ya pumzi na ya miguu akiwa ameketi.

Kwa sababu hiyo, hakuna mgonjwa anayepaswa kuanza mazoezi haya kwa kusoma makala au kwa kusikia kwa jirani. Uamuzi hutolewa na daktari wa moyo baada ya kuangalia majibu ya kipimo cha ECHO, kipimo cha umeme wa moyo, wingi wa damu na hali ya jumla ya mgonjwa.

Jinsi maandalizi yanavyofanyika

Hatua ya kwanza ni kupima uwezo. Kipimo kinachotumika sana ni kutembea kwa dakika 6. Mgonjwa hutembea kwenda na kurudi katika ukumbi wenye urefu wa mita 30, kwa mwendo anaoumudu, akiruhusiwa kusimama na kupumzika. Mtaalamu hurekodi umbali, mapigo ya moyo, kiwango cha oksijeni na jinsi mgonjwa anavyojisikia. Kipimo kingine ni kusimama na kuketi kwenye kiti bila kutumia mikono, ambacho huonesha nguvu ya mapaja.

Hatua ya pili ni mpango wa mazoezi, ambao mara nyingi huchukua kati ya wiki mbili na nane kutegemea muda uliopo kabla ya upasuaji. Mpango huo huwa na sehemu kuu tatu.

Sehemu ya kwanza ni kutembea. Mgonjwa huanza na dakika chache, hupumzika, kisha huendelea. Kadiri siku zinavyokwenda, muda wa kutembea huongezwa na mapumziko hupunguzwa. Kigezo rahisi cha usalama ni mazungumzo: mgonjwa anapaswa kuweza kuzungumza sentensi kamili anapotembea. Akianza kukatakata maneno ili apate hewa, amevuka kiwango chake na anapaswa kupunguza mwendo.

Sehemu ya pili ni kuimarisha misuli, hasa ya miguu. Kuinuka kwenye kiti mara kadhaa, kunyanyua visigino akiwa ameshika ukuta, na kunyoosha goti akiwa ameketi ni mazoezi yasiyohitaji vifaa. Zoezi la kuinuka bila mikono lina manufaa ya pekee, kwa kuwa ndivyo mgonjwa atakavyotakiwa kuinuka baada ya upasuaji. Katika mazoezi haya mgonjwa hakatazwi kutumia nguvu kidogo, bali hukatazwa kubana pumzi, kwa kuwa kubana pumzi hupandisha shinikizo ghafla ndani ya kifua.

Sehemu ya tatu ni mazoezi ya pumzi. Mgonjwa hufundishwa kuvuta hewa taratibu kupitia puani hadi tumbo liinuke, kuishikilia kwa muda mfupi, na kuitoa polepole kwa mdomo. Hufundishwa pia kukohoa huku akikumbatia mto kifuani, ili baada ya upasuaji asiogope maumivu ya kutoa makohozi. Panapokuwa na kifaa cha kuimarisha misuli ya pumzi, mtaalamu hupanga ukinzani wake na kuuongeza hatua kwa hatua.

Kila kipindi huanza kwa kupasha mwili na humalizika kwa kupunguza mwendo taratibu. Mgonjwa hashauriwi kufanya mazoezi mara baada ya kula wala katika jua kali. Katika maeneo ya joto kama Dar es Salaam, Tanga na Morogoro, asubuhi mapema ndio wakati unaofaa, hasa kwa wanaotumia dawa za kupunguza maji mwilini.

Ikumbukwe kwamba kazi ngumu za nyumbani na shambani si mbadala wa mazoezi haya. Kubeba ndoo ya maji kichwani, kupasua kuni, kutwanga kwenye kinu na kulima kwa jembe huhitaji nguvu nyingi kwa mara moja, na mara nyingi huambatana na kubana pumzi. Kwa upande mwingine, shughuli nyepesi kama kuchambua mboga, kukunja nguo na kutembea hadi kwa jirani zinaweza kuendelea iwapo daktari hajazizuia.

Dalili za kusitisha mara moja

Mgonjwa anapaswa kuacha zoezi na kuketi endapo atapata maumivu au kubanwa kifua, kizunguzungu, giza machoni, mapigo ya moyo kwenda mbio bila mpangilio, au kuishiwa pumzi kusikoisha baada ya dakika chache za kupumzika. Dalili hizo zikiendelea, au mgonjwa akizimia, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Aidha, mgonjwa anashauriwa kupima uzito kila asubuhi kwa mizani ileile. Ongezeko la zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 mara nyingi humaanisha maji yanakusanyika mwilini, wala si unene. Katika hali hiyo mazoezi husimama na daktari hujulishwa.

Mambo yanayoambatana na mazoezi

Mazoezi pekee hayatoshi. Mwili unaojengwa unahitaji chakula chenye protini kama maharage, mayai, samaki na kuku, pamoja na mboga na matunda. Chumvi inapaswa kupunguzwa, ikiwemo iliyomo kwenye samaki na dagaa waliokaushwa kwa chumvi. Upungufu wa damu hupimwa na kutibiwa mapema. Mwenye kisukari huimarisha udhibiti wa sukari, na anayevuta sigara hutakiwa kuacha wiki kadhaa kabla ya upasuaji ili mapafu yapate nafasi ya kujisafisha.

Uchunguzi wa meno nao ni sehemu ya maandalizi. Bakteria kutoka kwenye jino bovu au fizi zenye usaha wanaweza kusafiri kwa njia ya damu na kushambulia valvu mpya. Jino linalohitaji kung'olewa au kuzibwa hushughulikiwa kabla ya upasuaji.

Wagonjwa wa homa ya baridi yabisi wanaochoma sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 hadi 4 hawapaswi kuikatisha kwa kuwa tu wamepangiwa upasuaji. Sindano hiyo huendelea hata baada ya valvu kubadilishwa, kwa muda utakaoelekezwa na daktari.

Kipindi cha kusubiri ni nafasi pia ya kuelimishwa kuhusu maisha yanayokuja. Mgonjwa atakayewekewa valvu ya chuma atatumia dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote na kupima damu mara kwa mara. Kwa mwanamke anayetarajia kuzaa, uchaguzi kati ya valvu ya chuma na ile inayotokana na tishu za wanyama unahitaji mazungumzo ya kina na daktari, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na valvu ya tishu nayo huchakaa mapema zaidi kwa vijana.

Nafasi ya familia na huduma za karibu

Wagonjwa wengi wanaosubiri upasuaji wanaishi mbali na hospitali zinazoutoa. Anayetoka Kigoma, Songea au Bukoba hawezi kusafiri kila wiki kwa ajili ya mazoezi. Hata hivyo, mpango ukishaandikwa na daktari wa moyo, sehemu kubwa yake inaweza kufanyika nyumbani, na ufuatiliaji ukafanywa na mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali iliyo karibu. Mgonjwa anashauriwa kuomba mpango huo kwa maandishi wakati wa kliniki, ukionesha zoezi gani, kwa muda gani, mara ngapi kwa siku na dalili zipi zimsimamishe.

Familia inaweza kusaidia kwa kumteua ndugu mmoja wa kutembea na mgonjwa, kuandika kwenye daftari muda aliotembea na uzito wake wa kila siku, na kufika naye kliniki na daftari hilo. Kumbukumbu hizo humpa daktari picha ambayo mazungumzo ya dakika chache hayawezi kuitoa. Mgonjwa anayetembea na mtu huogopa kidogo zaidi, na hofu ni mzigo ambao wengi hawauzungumzi. Wapo wanaoahirisha upasuaji kwa sababu ya hofu hiyo hadi moyo unapochoka kabisa.

Wananchi wanakumbushwa pia kuzingatia utaratibu wa rufaa, kuanzia zahanati na kituo cha afya hadi hospitali ya wilaya, ya mkoa na ya rufaa, pamoja na kujiunga na bima ya afya mapema, kwa kuwa ugonjwa wa valvu huhitaji huduma ya muda mrefu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka msingi wa kila mkazi kuwa ndani ya mfumo huo.

Baada ya upasuaji

Mgonjwa aliyeandaliwa huendelea na yaleyale aliyokwisha kujifunza. Hali yake ikiruhusu, huketishwa kando ya kitanda na kuanza hatua chache ndani ya siku ya kwanza au ya pili. Mazoezi ya pumzi hurudiwa mara nyingi kwa siku. Kwa muda wa wiki 6 hadi 12, mfupa wa kifua unapounga, hatakiwi kunyanyua vitu vizito, kusukuma, kuvuta wala kubeba mtoto, na safari za bodaboda huepukwa. Baada ya hapo, kwa maelekezo ya daktari, hurejea taratibu katika kazi zake.

Pamoja na hayo yote, valvu nyingi zinazobadilishwa hapa nchini zisingeharibika kama maambukizi ya koo yangetibiwa mapema. Mzazi ambaye mtoto wake analalamika maumivu ya koo yenye homa, au maumivu ya viungo yanayohama kutoka goti moja hadi jingine, anashauriwa kumfikisha mtoto huyo katika kituo cha huduma za afya kilicho karibu ili achunguzwe na, ikibidi, apatiwe dozi kamili ya dawa.